Karatasi ya Damu ya Idi

Gisenyi, 9 Agosti 1957

Kwa dada yangu Zaituni,

Asalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Bukavu, na ule mguu wako uwe umepoa. Huku tunaendelea, ila mwanangu Idi ndiye aliyenikalisha kuandika baada ya kimya cha miaka miwili.

Unakumbuka alivyokuwa mnene. Tangu atimize miezi minane hajapumzika: sikio linatoa usaha, kifua kinabana, vichomi mara tatu. Hospitali walimtoa damu, ikapelekwa mbali, jibu likachukua wiki saba. Lilipofika, mume wangu Hamadi aliacha cherehani akalisoma kwa Kifaransa chake cha kubabaisha: kiasi kilikuwa chini sana. Tukafurahi, tukidhani kilichopimwa ni ugonjwa. Nikapika pilau, nikagawia majirani.

Jumatatu muuguzi Straton, anayetufasiria Kifaransa cha daktari, aliniangalia kwa huruma akasema, "Mama, hapa kidogo iko mubaya." Kumbe kilichopimwa ni kinga, ile ya kwenye damu inayopigana na maradhi. Idi karibu hana kabisa. Alipokuwa mchanga alitumia niliyompa tumboni, nayo ikaisha. Kuna sindano inayotengenezwa kwa damu za watu wengine, atachomwa kila mwezi. Haitamponya, lakini huenda ikamkuza. Nililia mbele yao bila aibu.

Kisha daktari akauliza kama kwetu kuna wavulana wengine waliokufa wadogo kwa vichomi. Nikawataja wanao wawili, na kaka yetu aliyekufa mchanga kabla hatujazaliwa. Alisema huenda ni ugonjwa huohuo, mama humpa mwanawe wa kiume na yeye mwenyewe haugui. Hakuna aliyewaroga.

Dada, kuna jambo la kukiri. Wewe unadhani ni mama mkwe wangu aliyeeneza kwamba jicho lako ni baya. Ni mimi. Ulikuja ukambeba Idi, wiki ileile akaugua, nikakumbuka wanao, nikaogopa. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa Kurani kuandikiwa hirizi, na jina lililoandikwa ndani ni lako. Umezika watoto wawili, nami nikakubebesha vifo vyao.

Hirizi nimeifumua jana. Sindano ya kwanza ni Ijumaa ya wiki ijayo, na wanataka mtu wa kumshika mtoto. Kama moyo wako utakubali, panda meli uje umshike wewe.

Hamadi anakusalimu sana. Idi hakukumbuki, ila tangu asubuhi namfundisha kukuita mama mkubwa.

Mdogo wako,
Saidati