Damu Yangu Unayoitaka

Mjukuu wangu msomi,

Salamu sikupi nyingi, nina hasira. Mimi mzima, na kuta nilizojenga ujanani zimesimama wima kuliko huyo mwalimu wako wa chuo.

Mchoro wako wa ukoo nimeuona. Wanaume vijisanduku, wanawake viduara, na marehemu kaka yangu aliyekufa akitetemeka umempiga mstari kama hesabu iliyokosewa! Mimi umenipaka wino mweusi, eti mgonjwa. Huko chuoni mnafundishwa kushauri watu juu ya magonjwa ya kurithi, au kuwatia wazee aibu? Mikono yangu inatetemeka kwa sababu ya kazi. Nilimwambia mama yako, "Binti yako ana mdomo!" Akanijibu, "Kaurithi kwako, baba." Mjinga yule.

Unasema bila kuipima damu yangu hutajua kama baba yako, mwanangu, naye ataugua. Nilisema sitoi, na mimi nikisema nimesema.

Ila juzi baba yako alinimiminia chai, nusu ikaishia mezani. Akasema, "Kikombe kibovu hiki, baba."

Kikombe ni kizima.

Njoo na sindano yako. Pole zako usiniletee.

Ni mimi babu yako, fundi asiye na mpinzani.