Swali la Wageni

Mpendwa Mwende,

Sisi huku Kathonzweni tu wazima, na nyanyako amemaliza kupalilia mbaazi.

Unauliza kama uache unesi kwa sababu kipimo cha tabia kimesema wewe si mtu wa watu. Mimi vipimo hivyo siviamini. Nilipimwa nikiomba ualimu, mwaka wa njaa. Waliuliza, "Unafurahi wageni wakija ghafla?" Nikajibu hapana. Wakasema mimi ni mtu wa kujitenga, wakaninyima nafasi. Baada ya mavuno niliomba tena, swali likawa lile lile, nikajibu ndiyo. Sasa nikawa mchangamfu, nikachukuliwa.

Mama yangu alicheka. "Walipima sufuria yetu, si wewe."

Kabla hujaacha, niambie: ulijibu maswali hayo ukitoka zamu ya usiku?

Babu yako