Waridi la Chini ya Kifundo

Mississauga, Kanada
Juni 20

Dada Yustina mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lililokusumbua masika limepoa. Mimi sijambo. Nimenenepa hata gauni la kijani ulilonishonea limekataa kufungika, na usicheke. Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Sababu utaiona mbele.

Bi Roshanara, yule bibi ninayemhudumia, hajambo. Ni Mwismailia mzaliwa wa Moshi, mjane wa miaka themanini na mbili, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Bintiye Almina anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza. Almina anataka mama ahamie kwenye ghorofa karibu naye. Mama alimjibu kwamba waridi la manjano alilopanda marehemu mumewe mbele ya nyumba likifa, siku hiyo atafunga mizigo. Likiwa hai, haondoki. Sasa unaelewa kwa nini kichaka kimoja cha waridi kilininyima usingizi.

Baridi ya mwaka juzi nililifunika mimi. Nililizungushia nailoni tangu Oktoba, kama mabanda yetu ya maua kule Usa River, nikaona kazi imekwisha. Kumbe mchana jua lilitia ndani joto na unyevu, usiku barafu. Aprili nilipofungua, matawi yalikuwa meusi, yamevunda. Ndipo nikakupigia simu kukuuliza, nikasingizia ni waridi la rafiki. Uliniambia nikwaruze ganda kwa ukucha nitafute kijani, dalili ya uhai. Nilikwaruza mpaka chini, sikukiona.

Mei likachipua, dada! Bi Roshanara alitoka na mkongojo wake, akaniita mwanangu, akampigia Almina simu kumwambia mizigo ingoje. Kiangazi chote likarefuka bila ua, nami nikisema limechoka na baridi.

Baridi hii iliyopita niliacha ujuaji. Jirani yetu Murad alinielekeza ningoje mpaka ardhi igande, ndipo nirundike udongo kwenye shina, juu yake majani makavu, na theluji ikianguka niiache hapo hapo, ndiyo blanketi. Nikatii. Wiki iliyopita likachanua, maua tele. Mekundu.

Dada, nilijua tangu Mei ile. Lilichipua chini ya kifundo cha kubebeshea, pale waridi la manjano lilipopandikizwa, kwenye lile shina la mwitu ambalo wewe machipukizi yake huyakata bila huruma. Waridi la marehemu lilikuwa limekufa, na aliyeliua ni mimi. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kutenganishwa na Bi Roshanara, nampenda mno. Na kuna jingine: siku ya kwanza nilimwambia kwamba shambani nilikuwa fundi wa waridi. Mimi nilikuwa nafunga maboksi. Fundi ulikuwa wewe.

Nilimwungamia yote mawili. Aliyatazama yale maua mekundu, machozi yakamtoka, nikajua kazi sina. Kisha akacheka. Akasema miaka arobaini alivumilia manjano, rangi asiyoipenda, kwa ajili ya mume. Na kwa kuwa mizizi ni ileile ambayo mume aliichimbia shimo kwa mikono yake, basi hapa hahami mtu. Almina alipoelezwa, akasema kwa Kiingereza kwamba tumemchezea shere. Mama akamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo.

Lakini sikuachwa hivi hivi. Adhabu niliyopewa ni kukuandikia kwa mkono wangu, kukuomba radhi kwa kujivika sifa zako. Nisamehe, dada, na ujibu upesi, maana Bi Roshanara ameuficha mkasi wa kupogolea, nisiliguse waridi mpaka asome jibu lako.

Mbusu mama kwa niaba yangu, na wote wanaoniulizia waambie nawakumbuka. Ua nililolikausha ndani ya karatasi hii ni lako.

Mdogo wako,
Asumpta, mfunga maboksi