Nakala Tatu

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye friji, kipashe moto. Mtoto anatoka shule saa tisa, usimsahau tena.

Ni wewe uliyesema tuhamishe picha na sauti zetu kwenye kompyuta yako ya sebuleni, eti zisikae kwa watu baki. Nikakuamini. Leo asubuhi, mswaki mdomoni, ukaniambia diski imekufa, na sauti za marehemu mama zimekwenda nayo. Nikauliza nakala. Kumbe nakala unazo tatu, ila za programu zako tu! Hata ile ya kuwasha taa ya ngazi, ambayo mpaka leo tunaiwasha kwa kidole.

"Za mama yako sikuweka. Si alikuwa anarudia yale yale?"

Haya. Nakala ya kwenye droo, ya juu ya kabati, na ile uliyoificha kwa dada yako (alinipa bila hata kuuliza), zote zimo bafuni, pamoja na kompyuta yenyewe, kwenye beseni la maji ya sabuni. Usilie mbele ya mtoto.

~~Pole.~~ Si zilikuwa zinarudia yale yale?

Mama watoto