Mzee wa Kwenye Chokaa

Chole, Jumatano, mwezi wa Rajabu

Na pua nimeipata, aseme mtu atakalo. Tangu juzi nainakili picha ya mzee wa kale niliyoazimwa na mke wa daktari Mdachi, anayenifundisha kuchora.

Kosa langu ni mafuta. Ya kitani aliyonipa yaliisha, nami kwa papara nikachanganyia rangi mafuta ya nazi. Kumbe ya nazi hayakauki! Uso mzima unateleza kama nywele za bi harusi.

Mama hataki sanamu imtazame akisali. Alasiri akaigeuza picha yangu, akaiegemeza ukutani. Nilipoibandua, mzee kabaki kwenye chokaa ya ukuta, macho na ndevu zake.

Mama akisema basi, ni basi, rangi zote nitazirudisha.

Akaitazama ile picha niliyoazimwa. Akautazama ukuta. Akarudia tena.

"Pua umeipata," akasema. "Sasa kalete chokaa umfiche, Alasiri inanipita."

Nimempaka chokaa, nikarudia. Bado anachungulia. Mama kasali amempa kisogo, wala hakuniambia niache kuchora.