Hilkka wa Koivuoja na Majina Ishirini na Saba

Wewe msomaji umeiona picha ya Hilkka hapo juu, na kidole chako tayari kinatafuta ukurasa wa michezo. Tunakujua. Ndivyo unavyopita pale kwenye vibanda vya Jorma vya kufugia mbweha wa ngozi: kioo cha gari umekipandisha kwa ajili ya harufu, macho umeyakaza barabarani kana kwamba mbweha elfu tatu ndani ya waya ni kuni zilizopangwa. Leo kaa kidogo. Tunazungumza naye, si na wewe, lakini sikiliza.

Hilkka mpenzi wetu, mwaka umezunguka tangu asubuhi ile ya Februari moyo wako uliposimama katika ua wa watu, mkono mmoja ukiwa bado umeshika mpini wa kiti chako cha kuteleza, kile ulichokuwa ukikisukuma kwa mguu juu ya theluji. Taisto bado anaweka vikombe viwili mezani. Akikumbuka, anakirudisha kimoja kabatini. Mumeo unamjua, hata ulipokuwepo hakuwa msemaji.

Ulikuwa mtu wa mikono. Majira ya baridi ishirini na mawili ulifanya kazi kwa baba yake Jorma, ukilisha mbweha mwaka mzima na kuchuna ngozi kila Novemba. Hukulificha hilo hata siku moja. Mtu akikutupia neno pale dukani, "Leo Hilkka mtakatifu, na kisu alikishika nani?", ulimjibu bila kupandisha sauti: "Nilikishika mimi. Ndiyo maana najua ninachokisema. Wewe mwenzangu umeshika nini?"

Mdogo wako Raili hajaisahau siku uliporudi kazini kabla ya saa sita. Palikuwa na mbweha jike aliyenoneshwa mpaka miguu ya mbele ikapinda, hawezi kujiinua kukifikia chakula. Ulikwenda kwa mzee kumwomba amwite daktari wa mifugo. Mzee akacheka: "Hilkka, ngozi haina miguu." Ukavua glavu, ukaziweka juu ya ndoo, ukatembea kilomita sita hadi nyumbani. Miaka thelathini na mmoja imepita. Waliocheka pamoja na mzee siku ile walikuwa wanne, na Raili anaweza kuwataja mmoja mmoja. Hatawataja. Tangazo hili ni lako, si lao.

Shule uliiacha ukiwa na miaka kumi na mitatu, lakini sheria ya ufugaji uliisoma yote, kwa penseli, kutoka basi la maktaba linalopita vijijini kuazimisha vitabu. Dereva wa basi lile alikuwa akikuwekea vitabu chini ya kiti chake na kukutania, "Wakili wangu, leo tunamshitaki nani?" Jumamosi zote ulisimama mbele ya duka na picha zako za mbweha wa vibandani. Mvua ilinyesha, watu walikupita, na uliwasalimia kwa majina ya mama zao.

Kisha Jorma akaleta mpango wa kuviongeza vibanda mara mbili, mpaka ukingoni mwa ziwa. Mbweha elfu tatu wengine. Ukasema hapana. Kisheria, wakazi mia moja na ishirini wakitia saini, halmashauri lazima iliweke mezani ombi la kijiji kizima kupiga kura. Ukaanza kwenda mlango kwa mlango. Kila nyumba kahawa, kila nyumba mkate wa iliki, na hukukataa hata mara moja. "Ukikataa kahawa ya mtu, usimwombe jina lake," ulisema. Raili alikuonya: "Dada, vikombe tisa kwa siku, huo moyo au mashine ya kukamua?" Ukamjibu, "Basi njoo uninywee vitatu."

Ulikwenda hata kwa Jorma. Alikumiminia kahawa mwenyewe.

"Jina langu hulipati, dada."

"Sikulifuata. Nimekuja uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu."

"Nina watoto wa kulisha."

"Wangu nao walikula kwa vibanda hivyo hivyo. Sikuambii ufe njaa, Jorma. Nakuambia usiongeze."

Alikusukumia kipande cha pili cha mkate. Ubishi wenu ulibaki pale pale, ila tangu siku hiyo aliwaambia watu kwamba katika maadui zake wote ni wewe tu uliyegonga mlango.

Ukapata majina mia moja na ishirini na sita. Ukayapeleka ofisini ukiwa umevaa koti la kanisani. Baada ya wiki karani akakuita: sitini na moja yamekataliwa.

"Hawa hawamo kwenye daftari la wakazi, mama."

"Hawamo vipi? Huyu Eino wa Perkkiö ni jirani yako."

"Namjua, ndiye aliyenitolea gari mtaroni. Lakini kwenye daftari hakuna Eino wa Perkkiö."

Na hayumo kweli. Huku kwetu mtu ni wa nyumba alikozaliwa au alikoolewa, na jina la ukoo hukaa ndani ya pasipoti na kulitoa ni kujidai. Watu sitini na mmoja walikuwa wamejiandika kama wanavyoitwa. Karani akageuza karatasi ya kwanza akuonyeshe kichwani: Hilkka wa Koivuoja, mstari mwekundu juu yake. Hilkka Rajamäki hakuwa ametia saini. Uliketi kwenye benchi la ofisi ukacheka mpaka karani naye akashindwa kujizuia. Kisha ukaazima kalamu yake ukaanza upya na jina lako.

Ulirudia nyumba kwa nyumba, kwenye baridi inayokata pua. Majina thelathini na manne uliyasahihisha. Yakawa tisini na tisa. Ulianguka kabla ya kufikia mlango uliofuata. Wenye nyumba hiyo walitoka na blanketi, wakapiga magoti kwenye theluji, wakakushika mkono mpaka gari la wagonjwa likafika. Tunawashukuru, na tutawashukuru siku zote. Lakini hadi leo hawajaandika jina.

Mwaka jana halmashauri ilimrudishia Jorma mpango wake kwa sababu ramani ya maji ilikuwa na kasoro. Sasa umerudi, na halmashauri inakaa Alhamisi ijayo. Raili amekwenda kwenye nyumba zote ishirini na saba zilizobaki. Mmoja akamwambia, "Mimi nilimwandikia Hilkka, na Hilkka hayupo." Mwingine, "Kijana wangu kaahidiwa kazi huko, mwanangu, nielewe." Wa tatu alivuta pazia, kahawa ikinukia mpaka nje. Walikuimbia kaburini, Hilkka, beti zote. Jina lako zuri wanalo midomoni, lao limewashinda kuandika.

Hatutaki wakulilie. Tunataka wafanye lile walilokwisha kukubali mbele yako, kwa hiari yao, mkate mkononi.

Unakumbukwa na mumeo Taisto. Binti yako Päivi na mumewe huko Vaasa. Mdogo wako Raili. Wajukuu zako watatu. Dereva wa basi la maktaba, aliyeomba atajwe. Na mbwa wako, anayelala bado juu ya viatu vyako vya mpira. Hutatutoka moyoni maadamu tunapumua.

Na wewe msomaji uliyefika hapa: majina yamepungua ishirini na moja, na ofisi inafunga kuyapokea Jumatatu saa kumi jioni. Raili atakuwa mbele ya duka Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Usipoweza kutoka, mpigie simu Taisto, atakuja na karatasi hadi kitandani kwako, wala hatakuuliza neno. Kama wewe ni mmoja wa wale ishirini na saba, unajijua. Vaa koti uje. Andika jina la kwenye pasipoti, anwani, na tarehe.