Skrubu ya Kushoto

Jumatatu, 3 Novemba

Saa mbili kamili dukani. Simu nne, saa moja ya mkononi, spika moja iliyoanguka kwenye bwawa la kuogelea. Kadi zote nimejaza: hali ilipopokelewa, kazi iliyofanyika, hali iliporudishwa. Sheria yangu hapa Al Baraha hata wateja wanaijua. Sikiliza kabla hujafungua. Fundi asiyesikiliza kwanza hajui alichoharibu.

Mchana wali na dengu. Sikumbuki ladha yake.

Mama amepiga. Zimebaki siku kumi na moja nisafiri kwenda Muheza, anataka vitu vya Idi. Mdogo wangu tulimzika huku huku ugenini, Septemba. Moyo ulisimama akiwa anafunga spika za harusi kwenye hoteli moja ya Al Garhoud. Mama hakumwona mara ya mwisho. Sasa anataka nguo zake, msahafu wake, na "hicho alichokuwa akisikilizia". Hedifoni. Amerudia mara mbili: "Bakari, uniletee kama alivyokiacha."

Nimesema inshallah. Nikarudi kwenye spika ya bwawani.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefungua begi la Idi. Mashati sita, msahafu, kofia, waya chungu nzima. Mto wake haumo, naulalia mimi tangu Septemba maana wangu ulikuwa umekuwa chapati. Pembe moja imeshonwa kwa uzi mweusi, mshono wa mtu asiyejua kushona. Niliuona siku ya kwanza, sikuuliza kitu.

Hedifoni zilikuwa chini kabisa, ndani ya fulana. Vikombe vya mbao, nzito, za kufunga: nyuma hazina tundu lolote, sauti yote inabaki kwako. Alizinunua kwa fundi mitambo aliyekuwa anarudi kwao. Alijinyima mwaka mzima. Halafu mwezi haujaisha akaanza: kaka, zinavuma, kuna mwangwi ndani ya kikombe, nataka nifungue niweke kitu. Nikamkatalia. Nikamwambia waliozitengeneza wamesoma kuliko wewe, kitu cha kiwandani hakichokonolewi. Akasema basi na nyumba tusitie mapazia, maana fundi ujenzi naye amesoma. Nikamwita mjinga. Tukanuniana wiki nzima, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini.

Ijumaa moja, baada ya likizo yake, akanivalisha mwenyewe. Alikuwa amemrekodi mama akipepeta mchele, alipokwenda likizo. Nikasikia ungo, nikasikia chenga zikiruka, nikasikia mama akiguna kama yuko mbele yangu. Nikamwambia: umeona sasa? Kiwanda kinajua. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nilidhani ni kicheko cha mtu aliyeshindwa.

Pedi zimebanduka kwa jasho. Nitaagiza mpya, zile zile za kampuni. Mama hawezi kupokea kitu kinachopukutika.

Jumatano, 5 Novemba

Pedi zimefika. Mutiso kaziona. Mutiso ni Mkenya wa Machakos, anakaa kaunta, masikio yake ni mazuri kuliko adabu yake. Kasema: "Fundi, hizi ukizifungua, uzipige padding kiasi na waya mpya, zitakuwa moto. Stock, vile zilitoka kiwandani, ni ya watu waoga." Nikamwambia mimi ni mwoga basi. Akanyamaza. Tangu Septemba watu wananyamaza haraka mbele yangu.

Sina huzuni. Nasema ukweli, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Nina ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefanya kazi ya Idi saa ya chakula, arbab, mwenye duka, akiwa hayupo.

Nilipong'oa pedi ya kulia nikaona manyoya ya kijivu yakichungulia kwenye vitundu. Uchafu. Mji huu vumbi linaingia hata kwenye kitu kilichofungwa. Nikafungua kikombe. Ndani kumejaa, kijivu, kumeshikana, na punje nyeusi mbili tatu za mviringo. Nikajua mende. Vyumba vyetu vile, mende wanaingia popote. Nikaona kinyaa, mdogo wangu alikuwa anavaa kinyesi cha mende masikioni. Nikachukua blowa, nikapuliza. Yakaruka yote, yakatua kwenye viatu vyangu, Mutiso akapiga chafya. Nikafagia. Kikombe kikabaki kisafi kama kilivyotoka kiwandani.

Kushoto nimeshindwa. Skrubu moja kichwa chake kimeliwa, bisibisi haishiki. Mtu asiye fundi alilazimisha. Nimemlaumu aliyemwuzia Idi. Nitaitoboa kwa drili.

Sikuzisikiliza kabla ya kufungua. Naandika hapa kwa sababu kwenye kadi sikuandika. Sikutaka kumsikia mama anapepeta. Nilitaka kazi iishe.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimetoka msikitini, nimekaa kitandani, nikazivaa, nikabonyeza ile rekodi ya Idi. Mchele wa mama.

Kulia kunapiga kelele, ungo unalia kama debe. Kushoto kumetulia mno, laini. Mama hayuko mbele yangu, amevutwa pembeni kulia, anapepeta ndani ya pipa.

Nimejua tatizo: kushoto bado kumeziba uchafu. Kulia ndiyo sauti yenyewe ya kiwanda. Jumamosi naitoboa ile skrubu.

Nimesikiliza mpaka mwisho. Sikuhisi kitu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekorofishana na Mutiso. Kabla sijazibana hedifoni kwenye jiliwa, nilimpa asikilize kwanza ili ajue kazi yangu. Akavua, akanitazama. "Fundi, kushoto ndiyo poa. Kulia ndiyo umeharibu." Nikamwuliza tangu lini mtu wa kaunta ananifundisha. Akasema: "Mimi nakuambia tu vile nasikia. Wewe mwenyewe ndiye husema tusikilize kwanza."

Nimemtukana. Si kwa maneno ya kuandika. Kisha nikazibana, nikaiweka drili juu ya skrubu nikabonyeza kwa hasira. Ncha ya drili ikavunjika, kipande kikaruka. Skrubu haikushtuka. Nimeagiza nyingine, italetwa Jumatatu.

Mutiso hakula na mimi leo. Amekwenda kukaa nje kwenye ngazi na chapati yake.

Jumapili, 9 Novemba

Nilimpigia mama asubuhi, kumwuliza mashati niyafue au niyalete yalivyo. Kasema usifue. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya mchele. Halafu nikamwambia, kwa kutaka sifa, kwamba kifaa cha Idi nimekisafisha, kilikuwa na uchafu ndani.

Akauliza uchafu gani.

Nikamweleza. Manyoya ya kijivu, na vipunje vyeusi.

Akasema: "Hiyo si sufi yangu, Bakari?"

Idi alimwomba sufi. Ya msufi wetu, ule wa nyuma ya jiko. Alimwambia anataka kuzuia mwangwi, kiasi cha kiganja tu. Mama hatoi kiganja. Akashona mto mzima akampa aondoke nao likizo ilipoisha. Alichambua mbegu, lakini macho siku hizi hayaoni vizuri, nyingine zilimpita. "Akaniambia, mama, kaka usimwambie. Atagomba."

Nimesema mtandao mbaya, nikakata.

Yale manyoya yalikuwa meupe. Yaligeuka kijivu kwa jasho lake na vumbi la hapa. Nimezaliwa Muheza, nimeokota sufi utoto wangu wote, nimezitema mbegu zake nikilenga kuku. Nimeipuliza mbele ya macho yangu sikuijua. Sikutazama. Tangu Septemba sitazami vitu.

Na ile Ijumaa nilikisifu kiwanda. Alikuwa ameshaziba vikombe vyote viwili, akaniketisha, akanisikilizisha kazi ya mikono yake, mimi nikakisifu kiwanda.

Jumatatu, 10 Novemba

Ncha ya drili imeletwa. Nimeitia kwenye droo bila kuifungua.

Nimetafuta. Pipa la taka lilimwagwa Alhamisi hiyo hiyo. Mfuko wa blowa mtupu. Nimepiga magoti nikapapasa chini ya meza, mteja akauliza kama nimepoteza pete. Nimepata punje moja, kwenye ufa wa sakafu. Nyeusi, ndogo kuliko pilipili manga. Nimeikunja kwenye risiti.

Nimemwomba Mutiso radhi. Nikamweleza habari yote. Akasema, "Pole, Baka. Mganga hajigangi." Kisha akasema jambo ambalo mimi, fundi wa miaka kumi na miwili, nilipaswa kulisema: "Lakini kushoto bado iko. Hiyo ndiyo sampuli yako."

Nikamwambia ili nijue alitia kiasi gani lazima nifungue. Akasema: "Nani amesema ufungue? Sikiliza."

Naogopa. Angalau kuogopa ni kitu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Arbab kasema yalla, nenda, tangu msiba hujaomba hata saa moja.

Chumbani peke yangu, wenzangu wako kazini. Nimekata ule uzi mweusi kwenye pembe ya mto. Mshono mbovu kweli, Idi amerudia tundu moja mara tatu. Sufi ndani bado nyeupe, imejaa kabisa. Alitoa kidogo sana.

Mama alisema kiganja. Kiganja chake au changu? Changu ni kikubwa, Idi alikuwa na vidole vya mwanamke, ndiyo maana alizifungua nyaya ambazo mimi nazitukana.

Nimeanza na vidole viwili. Nikafunga kikombe, nikavaa, nikasikiliza mchele. Debe. Nikafungua, nikaongeza. Bado. Mara ya nne ungo ukaacha kulia lakini mama bado yuko kulia, kama mtu aliyesogea kivulini. Mara ya saba nikazidisha, akazama, akaenda kushoto. Nikapunguza. Nilikuwa nasema kwa sauti, huku au huku, kama tulivyokuwa tunamwelekeza dereva wa lori la mchanga. Sijui mara ya ngapi, nimeacha kuhesabu, nikabonyeza rekodi na mama akawa katikati. Mbele yangu kabisa. Chenga zikaruka kushoto na kulia sawasawa. Akaguna.

Na mwishoni, jambo ambalo ile Ijumaa ya Idi nililifunika kwa maneno yangu, na Ijumaa iliyopita debe lililifunika: Idi mwenyewe, mbali, nyuma ya mama, anauliza chai iko wapi.

Nimelia. Sauti ilikuwa mbaya, bora chumba kilikuwa kitupu.

Nimeushona mto. Uzi mweupe, sikuwa na mweusi. Mshono wangu mzuri kuliko wake. Nimeona aibu kwa kuufikiria uzuri wake.

Jumatano, 12 Novemba

Kazi nyingi. Mutiso kaomba kusikiliza. Nikampa, nikamwekea rekodi ya mama. Akafumba macho mpaka mwisho. Akavua akasema haelewi ni kitu gani kinapigwa, lakini kiko hapo hapo, na akaonyesha hewa mbele ya pua yake.

Mteja kaleta hedifoni zake, anataka zitiwe sponji ndani. Mwezi uliopita ningemhubiria. Nimemwambia sawa, ila kwanza niache nizisikilize.

Alhamisi, 13 Novemba

Begi limefungwa. Mashati hayakufuliwa. Msahafu juu. Hedifoni ndani ya fulana ile ile, zile pedi kuukuu nimezitia kwenye mfuko pembeni, mama ataamua mwenyewe. Mto naurudisha.

Nimejaza kadi, ingawa hakuna wa kuisaini.

Hali ilipopokelewa: nzuri.
Kazi iliyofanyika: kulia, ilifunguliwa bila kusikilizwa. Sufi imerudishwa. Si ile.
Kushoto: haikufunguliwa.

Ndege ni kesho asubuhi. Mchana wali na dengu, Mutiso kanunua. Chumvi imezidi.